Hodi Kwenye Utando wa Seli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vipokezi vya Saitokini

Nafundisha baiolojia mashariki mwa Uganda, upande wa Mbale. Darasani tunazungumza Kiingereza. Kengele ikilia tunarudi kwenye Kiswahili na lugha zetu za nyumbani, na hapo ndipo maswali ya kweli huanza. Haya yameletwa na wanafunzi wa S5 na S6 (kidato cha tano na cha sita), wauguzi wawili watatu, na wazazi walioandikiwa vipimo vyenye majina marefu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananivutia, mengine kwa mkato.

Saitokini ni kitu gani?

Ni protini ndogo ambazo seli huzitoa ili kuziambia seli nyingine la kufanya: ongezekeni, hameni, piganeni, tulieni, au kufeni. Interferoni ni saitokini. Interlukini zote, zile zinazoandikwa IL na namba mbele yake, ni saitokini. TNF pia imo.

Ya kwanza kupata umaarufu ilikuwa interferoni. Mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, wakifanya kazi London, waliona kwamba seli zilizokutana na virusi vilivyokwisha kuuawa hutoa kitu kinachozilinda seli nyingine dhidi ya virusi vilivyo hai. Mwaka 1976 maabara ya Robert Gallo huko Marekani ikaeleza kitu kilichowezesha seli T za binadamu, askari wa kinga ya mwili, kuota kwa muda mrefu nje ya mwili. Kabla ya hapo zilikuwa zikifa baada ya siku chache. Kitu hicho leo tunakiita IL-2.

Je, saitokini huingia ndani ya seli ili ifanye kazi?

Hapana, na hapa ndipo karatasi nyingi za mtihani hupoteza alama. Saitokini ni mgeni anayepiga hodi akabaki uani. Anayeipokea ni kipokezi, yaani protini iliyopenya utando wa seli, kichwa nje na mkia ndani. Baadaye kipokezi na mgeni wake humezwa pamoja na kuvunjwavunjwa, lakini huko ni kufagia ua tu. Ujumbe umekwisha kufika zamani.

Jambo la pili: seli isiyo na kipokezi haisikii chochote. Saitokini ikiwa kwenye damu inazipita seli za kila namna, kama tangazo la redio kwa Kinyankole linalosikika Gulu. Sauti imefika, maneno hayajafika.

Sasa ujumbe unavukaje kutoka nje hadi kwenye jeni?

Wanafunzi wangu huelewa haraka nikiwakumbusha barua ya LC1, yaani baraza la kijiji. Ukitaka kufungua akaunti benki au kupata kitambulisho, utaombwa barua ya mwenyekiti. Maneno yaliyoandikwa humo si hoja sana. Anayeipokea anatafuta muhuri kwanza. Barua isiyo na muhuri ni karatasi tu.

Ndani ya seli, muhuri ni fosfati. Ni kipande kidogo kinachotolewa kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kubandikwa juu ya protini, na protini iliyobandikwa hubadilika tabia. Vimeng'enya vinavyopiga muhuri huo huitwa kinasi.

Vipokezi vingi vya saitokini havina kinasi yao wenyewe. Mikia yao ni mitupu, lakini kila mkia umeshikiwa na kinasi ya kuazima iitwayo JAK. Zipo nne: JAK1, JAK2, JAK3 na TYK2. Zilipogunduliwa watafiti walizitania kwamba ni "kinasi nyingine tu" (kwa Kiingereza Just Another Kinase), kisha jina likapewa heshima ya Janus, yule mungu wa Warumi mwenye nyuso mbili, kwa sababu JAK ina sehemu mbili zinazofanana: moja inapiga muhuri, nyingine inaizuia ya kwanza isipige ovyo. Ishikilieni hiyo sehemu ya pili, nitairudia.

Saitokini inapotua, hushika minyororo miwili ya kipokezi, wakati mwingine mitatu, na kuiweka karibu katika mkao unaofaa. JAK mbili zilizokuwa zimetengana sasa zinaangaliana, na kila moja inampigia mwenzake muhuri. Zikishaamka zinapiga mihuri kwenye mkia wa kipokezi, mahali penye asidi amino iitwayo tairosini. Mihuri hiyo ni kama kulabu. Protini ziitwazo STAT, zilizokuwa zikielea ndani ya seli bila shughuli, zina sehemu inayotambua tairosini yenye fosfati tu. Zinakuja, zinanasa, nazo zinapigwa muhuri. Kisha zinajinasua, zinashikana mbili mbili, zinaingia kwenye kiini cha seli na kukaa juu ya DNA. Jeni zilizokuwa zimelala zinaanza kusomwa.

Kwa ishara inayosafiri kutoka nje ya seli hadi kwenye DNA, hii ni njia fupi ajabu. STAT iliyopokea ujumbe mlangoni ndiyo hiyo hiyo inayoufikisha chumbani. Dakika chache zinatosha.

JAK ni nne, STAT ni saba, na saitokini ni makumi. Mbona seli haichanganyikiwi?

Aliyeuliza hili alikuwa S5, nami nilimwambia arudi kesho ili nijipange.

Jibu la kwanza: mkia wa kila kipokezi huchagua STAT yake. IL-12 huita zaidi STAT4, IL-4 huita STAT6. Chukua seli T changa. Mtu akivuta hewa yenye vijidudu vya kifua kikuu, makrofaji za mapafu, yaani seli zinazomeza vijidudu, hutoa IL-12, STAT4 inaingia kazini, na seli T hugeuka kuwa mtoaji wa interferoni gama, silaha ya kuzipa makrofaji nguvu ya kuua walioko ndani yao. Mvuvi wa Ziwa Albert mwenye kichocho hali yake ni tofauti: mayai ya minyoo yaliyonasa kwenye ini huamsha IL-4, STAT6 inaingia, na seli T ya aina ile ile inaelekea upande wa kupambana na minyoo, pamoja na makovu ya ini yanayofuata. Seli ilianza sawa. Sikio lililoguswa ndilo tofauti.

Jibu la pili ni muda. IL-6 na IL-10 zote hutumia STAT3, lakini ya kwanza huwasha uvimbe na ya pili huutuliza. Sababu mojawapo ni kwamba seli hutengeneza kizuizi kiitwacho SOCS3 ambacho hukaa kwenye kipokezi cha IL-6 na kukinyamazisha mapema, wakati kipokezi cha IL-10 hakiguswi na kizuizi hicho. Ishara fupi na ishara ndefu si ujumbe mmoja.

Seli T moja inakuwaje maelfu ndani ya siku chache?

Kipokezi cha IL-2 kina minyororo mitatu: alfa, beta na gama. Seli T iliyotulia ina beta na gama kidogo tu, kwa hiyo IL-2 inapopita inasikika kwa mbali. Seli hiyo ikikutana na kipande cha kijidudu inachokitambua, inaongeza mnyororo wa alfa, ambao maabara huuita CD25. Sasa mshiko wa IL-2 unaongezeka takriban mara 100. Wakati huo huo seli inaanza kutoa IL-2 yake yenyewe. Inapiga hodi na kujiitikia.

Ni mpango wa busara. Kati ya mamilioni ya seli T, zile tu zilizomtambua adui ndizo zenye sikio kali la kusikia amri ya kuongezeka. Nyingine zinabaki zilivyo.

Kukua kwenyewe kuna hatua mbili, na watu huzichanganya. Kwanza seli hunenepa, kisha hugawanyika. Mbali na STAT5, kipokezi cha IL-2 huamsha njia nyingine inayopitia PI3K hadi mTOR, msimamizi wa chakula cha seli: milango ya glukosi inaongezwa, protini mpya zinatengenezwa, seli inavimba. STAT5 nayo huwasha jeni za kuzuia seli isijiue, na huongeza CD25 zaidi, hivyo sikio linazidi kuwa kali. Ikishashiba, seli inagawanyika, na siku za kilele inaweza kufanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Mitoki inayovimba shingoni koo linapouma ni karakana hiyo ikiwa kazini.

Kuna seli za kutuliza ziitwazo Treg ambazo huvaa CD25 wakati wote. Zinafyonza IL-2 iliyozagaa ili wengine wasizidishe. Kila kijiji kina mzee wa namna hiyo.

Mtoto akizaliwa na kipokezi kibovu inakuwaje?

Inategemea ni mnyororo upi. Ule wa gama hautumiwi na IL-2 peke yake. Unatumiwa pia na IL-4, IL-7, IL-9, IL-15 na IL-21. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaoathirika karibu wote ni wavulana. Akikosa mnyororo huo, mtoto hana seli T wala seli za NK (zinazoua seli zilizoambukizwa), na seli B alizo nazo, zile za kutengeneza kingamwili, hazimsaidii. Kosa kubwa ni kupotea kwa IL-7, kwa sababu bila hiyo seli T changa hufa kabla ya kukomaa.

David Vetter wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1971, aliishi ndani ya chumba cha plastiki kisicho na vijidudu kwa sababu ya hali hii. Alikufa mwaka 1984, baada ya kupandikizwa uboho wa dada yake ambao, bila mtu kujua, ulikuwa na virusi vya Epstein-Barr. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1993. Mtoto mwenye kasoro kwenye JAK3 huugua karibu vivyo hivyo, maana mnyororo wa gama bila JAK3 ni kengele isiyo na waya. Ila hapo wasichana nao huathirika.

Kuna kasoro nyingine inayotuhusu zaidi huku kwetu, ambako watoto huchanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, wanapozaliwa. Mtoto mwenye kipokezi kibovu cha interferoni gama au cha IL-12 anaweza kuugua kutokana na kijidudu dhaifu cha chanjo hiyo, ambacho wenzake hukidhibiti bila shida. Mama asishtuke: kidonda kidogo mkononi na kovu lake ni kawaida kabisa. Hali hii ni adimu. Lakini mtoto ambaye baada ya BCG mitoki inavimba na kutoa usaha, homa haiishi na uzito unashuka, apelekwe hospitali, na ndugu wa familia waliowahi kupatwa na hali hiyo watajwe.

Umesema mara nyingi kwamba virusi vya Uganda ni "wanafunzi bora wa JAK-STAT". Una maana gani?

Namaanisha kwamba ukitaka kujua ni hatua ipi ya njia hii ni muhimu, angalia mahali virusi vinapoikata.

Interferoni zinapotua kwenye seli, zinatumia JAK1 na TYK2, kisha STAT1 na STAT2 zinashikana na kuwasha mamia ya jeni za kuzuia virusi. Virusi visivyojua kuzima ishara hiyo havifiki mbali. Sasa tazama vitatu vyenye historia nchini kwetu.

Virusi vya West Nile vilipatikana mwaka 1937 kwa mwanamke mmoja wa wilaya ya West Nile. Protini yao ya NS5 huzuia STAT1 isipigwe muhuri. Barua inabaki karatasi.

Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, na watafiti wa taasisi ambayo leo ni UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda. Navyo vina NS5, lakini ujanja wao ni mwingine: wanaiharibu kabisa STAT2. Tarishi anauawa njiani. Na kuna jambo zuri la kujua hapa: NS5 ya Zika inaishika STAT2 ya binadamu, haiishiki ya panya. Ndiyo sababu panya wa kawaida wa maabara haugui Zika vizuri, na watafiti hulazimika kutumia panya waliovurugwa njia yao ya interferoni.

Jamii ya Ebola, iliyotupiga Gulu mwaka 2000, Bundibugyo mwaka 2007 na Mubende mwaka 2022, huiacha STAT1 ipigwe muhuri na ianze safari. Protini yao ya VP24 inakwenda kumshika mbebaji anayeiingiza STAT1 kwenye kiini. Barua ina muhuri, tarishi yuko hai, lakini mlango wa ofisi umefungwa.

Njia moja, imekatwa mahali patatu. Sijapata kitabu kinachoifundisha vizuri zaidi ya hivyo virusi.

Vingine havikati; vinaghushi. Virusi vya sarkoma ya Kaposi, saratani inayojulikana sana kwenye wodi zetu, vina jeni ya IL-6 ya bandia. IL-6 ya kweli inahitaji kipokezi cha alfa kwanza ndipo ishike mnyororo uitwao gp130. Ile ya virusi inaishika gp130 moja kwa moja na kupita mlinzi bila kuonyesha kitambulisho. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyoonekana mwaka 1964 London katika sampuli za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda kwa msaada wa Denis Burkitt, daktari wa hospitali ya Mulago, vina IL-10 yao ya kutuliza askari. Na jamii ya virusi vya ndui, ambamo mpox imo, hutoa vipokezi vya uongo vinavyoelea nje ya seli na kuidaka interferoni kabla haijafika kwenye kipokezi cha kweli.

Homa ya malaria nayo inatokana na saitokini?

Ndiyo. Seli nyekundu zinapopasuka, TNF, IL-1 na IL-6 hutolewa kwa wingi, na ubongo hupandisha kiwango cha joto kupitia kemikali iitwayo prostaglandini. Panado huzuia prostaglandini hiyo, ndiyo maana joto hushuka na vimelea vinabaki palepale. Meza dawa ya malaria.

Kama IL-2 huongeza seli T, kwa nini watu wenye VVU hawapewi?

Ilijaribiwa, tena kwa maelfu ya watu. Matokeo ya majaribio mawili makubwa yalichapishwa mwaka 2009. Waliopewa IL-2 pamoja na ARV walipanda CD4, yaani hesabu ya seli T wasaidizi ambazo VVU huzishambulia, kuliko waliotumia ARV peke yake. Namba zikapendeza. Lakini hawakuugua kidogo wala kufa kidogo kuliko wenzao, na madhara makali yakawa mengi zaidi upande wao. Wengi wa hizo CD4 walioongezeka hawakuwa askari waliokuwa wakihitajika. Kliniki inachokitaka kwanza ni virusi visiwepo kwenye damu. Hilo ARV zinalifanya.

Na hizi dawa za "kuongeza kinga" zinazouzwa kwenye teksi?

Muuzaji akikuambia inaongeza kinga, muulize: saitokini ipi, kwenye seli ipi, kwa muda gani? Atahamia kiti kingine.

Kinga kuwashwa yote kwa mpigo ni hatari ya kufa. Machi 2006 huko London, wanaume sita wenye afya njema walipewa dawa ya majaribio TGN1412, iliyobuniwa kuamsha seli T kupitia kipokezi cha CD28. Ndani ya saa chache saitokini zilifurika, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Walinusurika. Mimi nikisikia neno "booster" huwakumbuka hao.

Nani anazima ishara ikishawaka?

SOCS niliyoitaja, pamoja na vimeng'enya vinavyobandua fosfati. SOCS inawashwa na STAT yenyewe, kwa hiyo seli inapotii amri inatengeneza pia breki yake.

Ile sehemu ya pili ya JAK, inayoizuia ya kwanza? Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba wagonjwa wengi wenye damu nzito kupita kiasi, yaani seli nyekundu nyingi mno, wana kosa la herufi moja kwenye JAK2, mahali pa asidi amino ya 617, ndani ya sehemu hiyo hiyo. Breki imekatika. Kipokezi kinapiga kelele ya "zaeni" hata kama hakuna aliyebisha hodi.

Daktari ameniandikia tofacitinib kwa ajili ya viungo, lakini kwanza anataka nipimwe kifua kikuu. Kuna uhusiano?

Upo, na daktari wako anafanya kazi yake. Tofacitinib huzuia JAK, hivyo uvimbe wa viungo hupungua. Lakini interferoni gama inayowafungia ndani vijidudu vya TB vilivyolala nayo husafiri kupitia JAK1 na JAK2. Ukiibana njia, askari wa jela wanasinzia. Ukikutwa na TB iliyolala, kwa kawaida utapewa dawa za kuizuia kwanza. Mkanda wa jeshi pia hutokea zaidi kwa watumiaji wa dawa hizi, kwa hiyo vipele vyenye maumivu upande mmoja wa mwili usivipuuze.

Je, vipokezi vyote vya saitokini hutumia JAK?

La. TNF na IL-1 hupitia NF-kB, TGF-beta hupitia SMAD, na kemokini, saitokini zinazoziambia seli zihamie wapi, hutumia protini G. CCR5, mlango unaotumiwa na VVU, ni kipokezi cha kemokini.

Haya yote yanaonekana kwa macho, au tunayaamini tu?

Yanapimika. Mashine za kuhesabia CD4 zilizosambaa kwenye hospitali zetu wakati wa mapambano ya VVU, nyingi hupitisha seli moja moja mbele ya taa ya leza na kusoma rangi zilizobandikwa juu yake. Kwa mashine kubwa zaidi za aina hiyo, seli hubandikiwa kingamwili yenye rangi inayoshika CD25, na nyingine inayoshika STAT5 iliyopigwa muhuri tu, isiyo na muhuri haishikwi. Chukua damu, gawa mafungu mawili, moja litie IL-2, subiri dakika 15, gandisha seli kwa formalini, tia rangi, pitisha kwenye mashine. Fungu lisilo na IL-2 linabaki kilima kimoja upande wa kushoto wa skrini. Kwenye lile lenye IL-2, sehemu ya seli imehamia kulia, na ukitazama ni zipi, waliotangulia ni wale wenye CD25.